UZI: Draivu ya flopi kwenye bodi ya PC/104 inakataa kuwa A, msaada wenu mafundi

#1 Fundi Spana

Wakuu salaam. Naomba tusichekane: ndiyo ni flopi, na ndiyo, ni mwaka huu huu.

Hapa karakana kwetu Gerezani kuna mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya kukata chuma. Ubongo wake ni bodi ndogo ya PC/104, ile ya milimita 90 kwa 96, prosesa ya daraja la 486, na DOS imekaa kwenye kadi ya CompactFlash. Michoro ya kazi inaletwa kwa flopi, na programu ya mashine inatafuta faili A: tu. Nimepekua menyu zote, hakuna pa kubadilisha herufi. Draivu ya zamani ilikufa, kebo yake nayo ililiwa na panya.

Nimepata draivu nyingine ya inchi 3.5 iliyong'olewa kwenye kompyuta ya mezani. Kebo nimetengeneza mwenyewe: kebo bapa ya nyaya 34, konekta moja kila mwisho. Nimepima kwa multimita, pini 1 inakwenda pini 1 hadi 34 inakwenda 34, hakuna waya ulioshikana na mwenzake. BIOS (programu ya bodi inayoanza kabla ya DOS) nimeiwekea Drive A: 1.44M, Drive B: None.

Nikiwasha naletewa FLOPPY DISK(S) FAIL (40). Taa ya draivu haiwaki hata kidogo, mota haizunguki. Umeme upo, nasoma volti 5.02 kwenye kiplagi cha draivu. Nimebadilisha draivu, hali ileile.

Naanzia wapi?

#2 Kasuku Mweupe

Anzia Makumbusho ya Taifa mkuu, pale Posta 😂😂

#3 Dogo Jampa

Achana na huyo. Taa isipowaka kabisa ujue draivu haijachaguliwa. Draivu za PC zinatoka kiwandani zikiwa DS1 (DS ni Drive Select, namba ya kuchagua draivu). Angalia ubavuni au nyuma kuna jampa ndogo (kile kiplastiki cha kuunganisha pini mbili), hamishia DS0. DS0 ndiyo A. Leta mrejesho.

#4 Fundi Spana

Nimehamisha, asante. Kuna kilichobadilika: sasa BIOS ikitafuta draivu, taa inawaka. Lakini diski haizunguki, na ujumbe ni uleule wa (40). Mota nimeisukuma kwa kidole, haijakwama.

#5 Mzee wa Solda

Rudisha jampa DS1 kwanza, halafu tuongee.

Dogo hajakosea sana. Anachosema ni kweli kwa vifaa visivyo vya PC. Tatizo ni kwamba mpangilio wa pini ulioko kwenye bodi yako si ule draivu inaoufikiria, na hapa ndipo mafundi wengi wanapozunguka wiki nzima.

Kiunganishi hiki cha pini 34 asili yake ni kampuni ya Shugart, kwenye draivu yao ya inchi 5.25, SA400 ya mwaka 1976. Pini zote za namba witiri ni ardhi. Za shufwa ndizo zenye kazi. Katika mpangilio ule, pini 10, 12 na 14 ni za kuchagua draivu, na pini 16 ni amri ya mota, moja kwa draivu zote. Draivu unayoishika mkononi leo bado inaamini hivyo: jampa ikiwa DS0 inasikiliza pini 10, ikiwa DS1 inasikiliza pini 12, na mota inasubiri pini 16.

IBM walipotoa PC yao mwaka 1981 walitaka kila draivu iwe na amri yake ya mota, na hawakutaka watu wahangaike na jampa. Wakagawa upya upande wa kontrola: pini 10 mota ya A, pini 12 kuchagua B, pini 14 kuchagua A, pini 16 mota ya B. Draivu zote zikawekwa DS1, bila kujali itakuwa A au B. Kinachoamua nani A ni kebo. Nyaya za 10 hadi 16 zinageuzwa kabla ya konekta ya mwisho, hivyo 10 inabadilishana na 16, 12 inabadilishana na 14, 11 na 15 ni ardhi kwa ardhi, na 13 inabaki katikati.

Sasa tazama kebo yako iliyonyooka. Bodi ikiita A inavuta pini 14 na pini 10. Draivu yako ya DS1 imekaa inasikiliza 12 na 16. Haisikii chochote, ndiyo maana taa haikuwaka. Ulipohamishia DS0 ikaanza kusikiliza pini 10. Pini 10 kwa bodi ni mota ya A, kwa hiyo draivu ikadhani imechaguliwa, taa ikawaka. Lakini mota yake bado inasubiri pini 16, ambayo bodi inaivuta ikiita B tu. Taa bila mzunguko. Ungeweka DS2 ungepata jambo lilelile, taa bila mota. Kwenye kebo iliyonyooka hakuna nafasi ya jampa itakayokupa A iliyokamilika.

Fanya jaribio hili kabla ya kukata kitu. Jampa DS1, kebo hiyohiyo, BIOS weka A: None na B: 1.44M. Kama B: itasoma, basi draivu nzima, kontrola nzima, umeme mzima.

#6 Fundi Spana

Mzee shikamoo!! DIR B: inaleta orodha ya faili zote. Draivu inalia ule mlio wake kabisa.

Sasa imebaki hiyo A.

#7 Dogo Jampa

Nimejifunza kitu. Lakini mzee, si aandike tu ASSIGN A=B kwenye AUTOEXEC.BAT amalize kazi? Au ile "Swap Floppy Drive" ya kwenye BIOS?

#8 Mzee wa Solda

Marahaba.

ASSIGN ilikuwepo hadi DOS 5. Inafaa kwa programu inayopitia DOS kufungua faili. Programu za mashine mara nyingi hazina adabu hiyo, zinaita INT 13h (huduma ya diski ya BIOS) moja kwa moja kwa namba ya draivu 0, au zinaongea na kontrola yenyewe kwenye milango ya 3F0 hadi 3F7. Hizo hazijui habari za ASSIGN. Na kama siku moja kadi yako ya CompactFlash ikifa ukahitaji kubuti kutoka flopi, BIOS inatafuta A, haina mpango na B.

Swap ya BIOS ni bora zaidi, na kama bodi yako inayo itakuvusha leo. Ubaya wake ni mmoja na ni mkubwa: mpangilio huo unakaa kwenye CMOS, kumbukumbu ndogo ya BIOS, na CMOS inaishi kwa betri. Bodi ya umri huo betri yake ni ya mashaka. Siku ikiisha, BIOS inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, swap imezimwa, na wewe umeshasahau kwamba kulikuwa na swap. Fundi mwingine atakuja pale aanze kubadilisha draivu. Msokoto wa kebo hausahau.

Tengeneza hivi. Upande wa bodi acha kama ulivyo. Upande wa draivu, kata kebo nyuma ya konekta ya zamani, konekta itoke, ubaki na ncha safi. Waya mwekundu ni 1, hesabu kutoka hapo. Kwa wembe mpya pasua kati ya 9 na 10, na kati ya 16 na 17, kwa urefu wa sentimita nne au tano. Utakuwa na kipande cha nyaya saba katikati. Kigeuze nusu mzunguko, si mzunguko mzima, ukilaze tena kiwe bapa kati ya wenzake. Hapo waya uliokuwa wa 10 umekaa nafasi ya 16. Vuta nyaya zote zilingane kisha bana konekta mpya. Bana kwenye jiliwa, taratibu na sawasawa, usitumie nyundo. Nimeona konekta nyingi zilizobanwa kwa nyundo, meno ya katikati hayafiki kwenye shaba.

Ukimaliza pima: 1–1, 9–9, 17–17, 34–34, halafu 10–16, 12–14, 14–12, 16–10. Vikitoka hivyo umemaliza.

Jambo la mwisho na ni zito. Unapojaribu kebo mpya usiweke flopi yenye kazi ndani. Ukichomeka konekta kinyume, pini ya kwanza inakutana na ya 34, na safu nzima ya ardhi ya bodi inakaa juu ya safu ya amri za draivu. Amri za flopi zote ni za kuvutwa chini, yaani volti sifuri ndiyo "fanya". Draivu inajikuta imechaguliwa, mota imewashwa, na mlango wa kuandika umefunguliwa, vyote kwa pamoja. Ndiyo sababu kebo iliyogeuka inajulikana kwa taa inayowaka mfululizo tangu unapowasha. Taa hiyo ikikutokea zima, toa diski. Chochote kilichokuwa chini ya kichwa huenda kimeshafutwa.

#9 Kasuku Mweupe

Bado sijaelewa kwa nini binadamu wa leo anatengeneza kebo ya flopi. Wenzenu wanaongea akili mnemba.

#10 Mtaa wa Pini

Kasuku, mpaka 2019 mfumo wa kutuma amri za silaha za nyuklia za Marekani ulitumia flopi za inchi 8. Treni za chini ya ardhi za San Francisco zinaongozwa na mfumo wa 1998 unaopakiwa kutoka flopi za inchi 5.25, na mkataba wa kuubadilisha wameusaini 2024. Boeing 747-400 zinapokea kanzidata ya urambazaji kwa flopi za 3.5. Wote hao wana hela kuliko karakana ya Gerezani. Mashine ikifanya kazi haitupwi kwa sababu ya draivu.

Turudi kwenye mada. Spana, kabla hujafunga kifuniko angalia umeme wa draivu unautoa wapi. Kiplagi kidogo cha pini nne: nyekundu volti 5, nyeusi mbili ardhi, njano volti 12. Draivu nyingi za 3.5 zinatumia 5 pekee, soma lebo yake. Ila kuna watu wanachukua hiyo 5 kutoka kwenye pini za bodi yenyewe kwa waya mwembamba. Mota ikianza kuzunguka volti zinashuka na bodi inajizima na kuwaka upya. Leta waya wake peke yake kutoka kwenye pawasaplai. Na mtu mwenye draivu ya inchi 5.25 asijidanganye, ile lazima 12.

#11 Bint Pwani

Jamani nadandia uzi. Mimi nipo Zanzibar, kuna kifaa cha maabara nimeletewa nikitengeneze, nacho ni bodi ya aina hii hii ila haina kabisa pini 34. Kina konekta ya pini 26 iliyoandikwa LPT/FDD, na draivu yake ni ile nyembamba ya laptopu yenye utepe wa plastiki. Utepe umekatika. Kaka Pini au Mzee, pini 26 za bodi ndizo hizo 26 za utepe?

#12 Mtaa wa Pini

Hapana dada, usiziunganishe kabisa! Ni 26 mbili tofauti, zinafanana hesabu tu.

Ya kwanza, LPT/FDD. Bodi ndogo hazina nafasi, kwa hiyo watengenezaji walitumia ujanja ulioko ndani ya chipu za Super I/O (zinazobeba kontrola ya flopi na bandari ya printa), mfano SMSC FDC37C669 au Winbond za familia ya W83877. Chipu hizo zinaweza kutoa ishara za flopi kupitia pini za printa. Ukichagua hali ya flopi kwenye BIOS, mistari ya data ya printa inageuka kuwa ya kupokea kutoka kwenye draivu: alama ya kuanza mzunguko, treki 0, zuio la kuandika, data inayosomwa, na badiliko la diski. Amri nyingine zinapita kwenye mistari iliyobaki. Kwa hiyo unahitaji kebo maalumu kutoka 26 hiyo kwenda 34 ya draivu, na ramani yake iko kwenye kitabu cha bodi. Usikisie. Na hali ikiwa ya flopi usichomeke printa.

Kwenye BIOS chaguo hilo mara nyingi limejificha kwenye ukurasa wa vifaa vya pembeni, chini ya hali za bandari ya printa, pale penye SPP, EPP na ECP. Watu wanapita hapo bila kuona.

Ya pili, utepe wa draivu nyembamba kama TEAC FD-05HF. Huo ni wa nafasi ya milimita 1 kati ya waya na waya, na unabeba umeme humohumo: pini 1, 3 na 5 ni volti 5. Ndiyo maana ni hatari kuugeuza. Volti 5 inaangukia upande wa ardhi na ishara, na draivu hiyo hutaisikia tena. Zipo bodi ndogo za kubadilisha 26 ya utepe kwenda 34 ya kawaida, ni bei ndogo.

Angalia pia upande wa anwani za shaba kwenye utepe. Kuna tepe zenye shaba upande mmoja kwa ncha zote, na nyingine zimepishana.

#13 Bint Pwani

Nimekuelewa. Bahati nzuri kitabu cha bodi kipo, kimechakaa ila ukurasa wa ramani unasomeka. Ngoja nitafute huo utepe kwanza.

#14 Nahodha 001

Wadau wa hapo Bongo habari zenu, niko Mombasa. Mnajichosha bure na draivu za zamani. Chukua Gotek. Ni kikasha ukubwa uleule wa draivu ya 3.5, konekta ileile ya 34, umeme uleule, lakini mbele kina tundu la USB. Mashine inadhani ni flopi. Nimefunga nyingi kwenye mashine za kudarizi, na wenyewe hawataki tena kusikia habari ya flopi. Karakana ya chuma ndiyo mbaya zaidi, vumbi la chuma linaingia kichwani kwa draivu, linakwaruza diski.

#15 Dogo Jampa

Gotek kweli ni nzuri. Ila nilisikia inatumia mfumo wake wa ajabu wa kugawa flashi vipande 100, na lazima uwe na programu yao ya Windows.

#16 Nahodha 001

Hiyo ni programu iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Ng'oa, weka FlashFloppy ya Keir Fraser, ni ya bure. Hapo flashi inakuwa ya kawaida ya FAT32, unatupia faili za .img ndani. Picha ya flopi ya 1.44 ni baiti 1,474,560 kamili: treki 80, pande 2, sekta 18, baiti 512. Faili ikiwa pungufu au zaidi ya hapo, ishuku kwanza.

Na hayo ya Mzee wa Solda yanahusu Gotek vilevile, msidhani mmeyakimbia. Nyuma ina jampa S0 na S1. Kwa PC yenye kebo ya msokoto weka S1. Halafu kwenye flashi unaweka faili iitwayo FF.CFG, ndani yake mstari wa interface uandike ibmpc. Mashine zisizo za PC, zile za Shugart, unaandika shugart. Ukiacha vibaya hapo, mashine itakuwa inasoma diski ya kwanza vizuri, ukibadilisha picha haioni mabadiliko.

#17 Mzee wa Solda

Nahodha amegusa kitu ambacho kinahitaji kufafanuliwa zaidi, kwa sababu kinaharibu kazi za watu kimyakimya. Ni pini namba 34.

Kwenye PC pini 34 ni taarifa ya badiliko la diski. Ukitoa flopi na kuingiza nyingine, draivu inauambia mlango wa 3F7, biti ya 7, kwamba diski si ileile. DOS ikiona hivyo inasoma upya jedwali la faili. Kwenye mashine nyingi zisizo za PC, pini hiyohiyo ni "niko tayari". Kuna draivu zenye jampa ya kuchagua kati ya hizo mbili, na kuna ambazo ni za kuchomelea kwa solda chini ya bodi.

Ukifunga kwenye PC draivu isiyotoa taarifa ya badiliko, au waya wa 34 ukiwa umekatika, hutapata kosa lolote. Utatoa diski ya kwanza, utaweka ya pili, utaandika DIR, na DOS itakuonyesha orodha ya diski ya kwanza. Hapo bado hujaumia. Ukiandika faili ndipo unapoumia, kwa sababu DOS inaandika kwenye diski ya pili kwa kufuata jedwali la ya kwanza. Diski ya pili imekwisha.

Kwa hiyo Spana, kebo yako ikishakaa sawa, jaribio la mwisho si kusoma diski moja. Chukua diski mbili zisizo na maana, zenye faili tofauti. DIR, badilisha, DIR tena. Orodha isipobadilika, usiikabidhi mashine kwa mwenyewe.

#18 Kwa Mpemba

Na sisi wa Linux? Nina bodi ya viwandani ya kizazi cha baadaye kidogo, ina pini 34, nimeweka Debian, /dev/fd0 haipo.

#19 Mtaa wa Pini

Kwanza hakikisha kontrola haijazimwa kwenye BIOS. Kuna sehemu mbili: moja ya aina ya draivu, nyingine ya kuwasha kontrola yenyewe, kurasa tofauti. Kontrola ikizimwa, IRQ 6 na DMA 2, njia zake za kuita prosesa na kupitisha data, zinabaki huru na Linux haioni kitu.

Kisha modprobe floppy. Moduli hiyo siku hizi mara nyingi haijipakii yenyewe. Ikipakia vizuri, dmesg itakutajia draivu na aina ya kontrola. Linux inaamini kile CMOS inachosema kuhusu ukubwa wa draivu, kwa hiyo usipoweka aina kwenye BIOS, hata moduli ikipakia itakuwa haina draivu ya kushughulikia.

Kufomati, fdformat /dev/fd0u1440. Kuchukua picha ya diski nzima, dd if=/dev/fd0 of=diski.img bs=18k, hiyo ni silinda moja kila mara, ina raha yake kusikiliza. Diski yenye kasoro tumia ddrescue badala ya dd.

Usitegemee mengi huko mbele. Mwaka 2019 Linus Torvalds aliitangaza draiva ya flopi kuwa yatima, kwamba hata waliokuwa wanaitunza walishindwa kupata draivu halisi za kujaribia. Ipo, inafanya kazi, lakini wa kuihangaikia ni wachache.

#20 Kwa Mpemba

Na draivu ya flopi ya USB haiwezi kuwa njia ya mkato?

#21 Mtaa wa Pini

Kwa kunakili faili, inatosha. Kwa mashine, hapana. Ya USB haipo kwenye 3F0, haitumii IRQ 6, ni kifaa kingine kabisa kinachojibu amri chache. Programu inayoongea na kontrola moja kwa moja haitaiona. Na nyingi zinasoma diski za megabaiti 1.44 na za kilobaiti 720 tu. Ukiwa na diski ya fomati ya ajabu ya mashine ya zamani, tafuta Greaseweazle, huyohuyo Keir Fraser. Yenyewe inasoma mabadiliko ya sumaku kama yalivyo, uchambuzi unafanyika kwenye kompyuta.

#22 Fundi Spana

MREJESHO.

Nimepasua kebo kama Mzee alivyoelekeza, nimebana kwenye jiliwa, vipimo vimetoka vyote. Jampa DS1. BIOS A: 1.44M, B: None. Nimewasha, kichwa kimetembea, taa imewaka ikazima, hakuna (40). Programu ya mashine imesoma mchoro kutoka A: na tumekata kipande cha kwanza jana jioni.

Jaribio la diski mbili limepita, orodha inabadilika. Betri ya CMOS nimeikuta ina volti 2.4, nimeweka mpya na nimebandika karatasi ndani ya mlango wa kabati ikiandikwa mipangilio yote ya BIOS.

Nahodha, mwenye mashine ameshasikia habari ya Gotek na ameipenda. Nikipata nitaiweka, kebo si ileile?

#23 Nahodha 001

Kebo ileile, usiiguse. S1, ibmpc. Umemaliza bana.

#24 Dogo Jampa

Wakati anasubiri Gotek, flopi zenyewe mnazipata wapi siku hizi? Sony waliacha kutengeneza 2011.

#25 Mzee wa Solda

Zinazouzwa sasa ni zilizobaki kwenye maghala na zilizofutwa zikafungwa upya. Kabla ya kuitia kwenye draivu, sogeza kile kilango cha chuma, zungusha diski kwa mkono, itazame kwenye mwanga. Ukiona madoa ya ukungu, weka pembeni. Ukungu ukishika kichwa unakwaruza na diski nzuri zitakazofuata. Hapa pwani kwa joto na unyevu wetu ndiyo kawaida.

Na zile za 720 zisizo na tundu la pili, msizitoboe ili ziwe 1.44. Sumaku yake si ya daraja hilo. Zifomati kwa FORMAT A: /F:720, draivu ya 1.44 inazisoma bila shida, kama programu ya mashine nayo inazikubali.

#26 Bint Pwani

Utepe nimeupata, wa shaba zilizopishana. Wa zamani ulikuwa wa upande mmoja. Sijachomeka. Kaka Pini, upo?

#27 Mtaa wa Pini

Nipo dada. Usichomeke huo. Piga picha konekta zote mbili, ya draivu na ya bodi ya kubadilisha, nionyeshe meno yako upande gani, juu au chini.